Kuandika wasifu wa sista mwalimu: usiishie kwenye karatasi ya nyumba mama

Sista mwalimu anapofariki, wasifu wake huangukia mikononi mwa mtu mmoja: katibu wa jumuiya, mpwa anayejua kalamu, au mwanafunzi wa zamani. Huwa ana siku mbili tatu tu, na anachokabidhiwa ni karatasi moja kutoka nyumba mama, yaani makao makuu ya shirika lake la kitawa: kuzaliwa, ubatizo, nadhiri, vituo vya utume, kufariki. Hiyo ni habari ya utawa wake. Ualimu wake umeandikwa kwingine, na usipoutafuta utamzika sista huku mwalimu hajatajwa.

Anza na majina. Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mashirika mengi yalimpa novisi, yaani mtawa aliye bado katika malezi kabla ya nadhiri, jina jipya. Baada ya hati ya mtaguso huo kuhusu watawa, ya mwaka 1965, wengi walirudia jina la ubatizo. Kwa hiyo waliosoma kwake mwaka 1962 wanamkumbuka, tuseme, Sista Fidelis, na wa mwaka 1975 wanamjua kama Sista Anna. Vyeti vyake vya ualimu huenda vina jina la ukoo ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kulisikia. Weka yote matatu katika sentensi ya kwanza, na katika tangazo la redioni pia, la sivyo nusu ya wanafunzi wake hawatajua ni nani aliyefariki.

Kisha hakiki miaka. "Alijiunga na utawa mwaka 1956" haitoshi: aliingia kama aspiranti, postulanti au novisi, hatua tatu zinazofuatana kabla ya nadhiri? Jubilei kwa kawaida huhesabiwa tangu nadhiri za kwanza. Aliyefanya jubilei ya dhahabu, ya miaka 50, mwaka 2008 aliweka nadhiri za kwanza mwaka 1958. Unovisi hauwezi kupungua miezi 12, na nadhiri za muda hudumu angalau miaka 3 kabla ya zile za daima. Ukikuta za daima zimeandikwa mwaka 1959, mahali fulani pana kosa la kunakili. Omba kitabu cha nadhiri kifunguliwe.

Panapopotea mengi zaidi ni kwenye vituo. Nyumba mama huandika mahali, si kazi: "Morogoro, 1966–1974". Morogoro akifanya nini? Alifundisha, alilea bweni, au alikuwa mkuu wa jumuiya? Tanzania kuna ugumu mwingine: Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule nyingi za misheni chini ya serikali, na baadhi zikabadili majina. Marian College ya Morogoro, iliyoanzishwa na masista wa Maryknoll, ndiyo Kilakala ya leo. Andika jina la wakati ule na la sasa, maana mwanafunzi wa miaka ya sitini na binti aliyeko pale leo hawaiti shule kwa jina moja. Piga simu kwa mkuu wa shule, uombe kitabu cha kumbukumbu za shule na picha za mahafali. Kama aliajiriwa serikalini, jalada lake la utumishi lina tarehe za uhamisho na vyeo, ila hulipati kwa siku mbili. Liache kwa toleo la kumbukumbu ya mwaka.

Kwa wanafunzi, usiulize alikuwa mtu wa namna gani. Utajibiwa "mpole, mcha Mungu, mchapakazi", maneno yanayomfaa sista yeyote aliyewahi kuzikwa. Uliza alifundisha somo gani na darasa lipi. Aliandika nini ubaoni kabla ya kuanza? Akisahihisha daftari aliandika nini pembeni? Aliyechelewa alimfanyaje? Nani alibaki shuleni kwa sababu yake, na alimsaidiaje hasa? Watu watano au sita wa miaka tofauti wanatosha. Jambo likisemwa na wawili wasiofahamiana, liandike bila wasiwasi. Kama alikuwa mkali, sema alikuwa mkali kwa lipi. Waliochapwa watakuwepo kanisani, na sifa tupu zitawachekesha.

Angalia unavyoandika habari za fedha. "Alisomesha yatima kwa mshahara wake" husikika vizuri, lakini kwa nadhiri ya ufukara mshahara wa mtawa ni mali ya shirika. Andika kwamba aliwaombea ada kwa shirika, au aliwatafutia wafadhili, kama ndivyo ilivyokuwa. Masista wenzake wataisikia tofauti hiyo mara moja.

Ugonjwa wa mwisho, sentensi moja.

Wasifu si homilia, yaani mahubiri ya padri, na kanuni za Misa haziruhusu homilia ya mazishi igeuke kuwa hotuba ya kumsifu marehemu. Elewana na paroko mapema: ama usomwe kabla ya Misa kuanza, ama baada ya sala ya baada ya Komunyo, kabla ya ibada ya buriani. Kurasa mbili, dakika saba, usizidishe. Usome kwa sauti nyumbani kwanza, maana orodha ya vituo tisa hulemea masikio. Taja vitatu alivyokaa muda mrefu, vingine uviache kwenye nakala ya kugawa.

Mazishi yakipita, nakala moja iende nyumba mama, nyingine shuleni, ya tatu kwa ukoo, kila moja ikiwa na tarehe, jina lako na majina ya waliokubali kutajwa kama watoa habari. Picha ulizoazima ziandikwe nyuma majina na mwaka kwa penseli laini kabla hujazirudisha. Wino wa peni hupenya hadi kwenye nyuso.