Huyu mchoraji wa vita alisimama wapi?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mimi nafundisha historia sekondari huku Dodoma, juzi kijana mmoja kanionyesha kwenye simu picha ya mji wa Breda, Uholanzi, umezingirwa na jeshi la Hispania miaka ya 1620, mji mzima unaonekana toka juu utadhani kapiga kwa droni. Akaniuliza, mwalimu huyu alisimama wapi? Nikabaki nacheka tu. Nisaidieni, na je picha yenyewe ni ya kuaminika? – Mwalimu, Dodoma

JIBU: Mwalimu, mwambie hakusimama popote. Hiyo ni picha ya kuchapwa kwa mabamba ya shaba, kazi ya Jacques Callot, mtu wa Nancy, mji ulioko Ufaransa ya leo, alipewa oda na Isabella aliyekuwa anatawala Uholanzi ya kusini (Ubelgiji ya leo) kwa niaba ya Hispania, baada ya Breda kusalimu amri Juni 1625, na walishindwa kwa njaa zaidi kuliko mizinga. Callot alichukua ramani za mainjinia wa jeshi akaziunganisha na picha ya kawaida. Wewe panda kile kilima cha Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) uangalie mjini, mabati utayaona lakini nyumba zinafichana, mitaa huipati. Kwa Callot hakuna kinachofichana, mahandaki, ngome, mito, vyote vipo wazi, basi pale juu ni ramani. Ila shuka chini ya picha sasa, kuna farasi na askari wakubwa wakubwa kama umesimama nao, na jicho lako linadanganyika kwamba yote ni mtazamo mmoja.

Ujanja mwingine uko kwenye asidi, na hapa ndio mimi huwa navutiwa. Bamba la shaba linapakwa vanishi ngumu, fundi anachora kwa sindano mpaka shaba ionekane, halafu anamwagia asidi inakula ile mistari, na mistari hiyo ndiyo inayoshika wino na kuchapwa kwenye karatasi. Vya mbali vinaliwa kidogo tu kisha vinazibwa, vya karibu vinaachwa viendelee kuliwa, kwa hiyo askari wa mbali anatoka na mstari kama unywele na wa karibu anatoka mweusi tii. Na kumbuka karatasi inatoa picha iliyogeuka, kwa hiyo mji wote lazima uchorwe kinyume, la sivyo mashariki inahamia magharibi!

Kuamini? Mpangilio wa mahandaki na kambi uamini kiasi, maana mteja alitaka ushindi wake ueleweke. Muda ndio usiuamini, matukio ya siku tofauti kayaweka pamoja kama yametokea mara moja. Halafu ni picha ya aliyeshinda na ndiye aliyelipa, njaa ya watu wa ndani ya kuta huioni pale. Baadaye mfalme Louis XIII wa Ufaransa naye akamtuma achore kuzingirwa kwa La Rochelle, kwa mtindo uleule.

Ukitaka upande wa pili, watafutie vijana ile seti yake ya 1633 ya mateso ya vita, picha 18 ndogo ndogo: askari wanapora nyumba, wanachoma kijiji, na mti mmoja umejaa watu walionyongwa. Hizo ukiprinti kwa A4 zinatosha kabisa. Ya Breda hapana, ile ilitolewa kwa mabamba sita na ikiunganishwa inazidi mita moja kila upande, ukiibana kwenye A4 wale askari wa mbali wanageuka vumbi, bora uikate vipande sita kila kundi lipewe chake.