Mkusanyiko wa kuwatia moyo wanafunzi: niliyoyaona katika uwanja wa shule, Goma

Mama aliyeuliza anatueleza kwamba komite ya wazazi ya shule ya watoto wake, huko Bukavu, inataka kuchanga fedha ili kumwalika mhamasishaji azungumze na wanafunzi wote, kwa kuwa watoto wengi wamekata tamaa na adabu imepungua, naye anataka kujua kama jambo hilo lina faida. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Goma, na kwa miaka 8 nimesimamia mkusanyiko wa Jumatatu unaofuata kupandishwa kwa bendera. Mama, faida ipo, lakini kwa niliyoyaona haitoki kwa mhamasishaji.

Sisi pia tulimwalika mmoja. Alikuja na kipaza sauti kilichounganishwa na betri ya gari, akawasimamisha watoto wapatao 400 juu ya mawe meusi ya uwanja wetu kwa zaidi ya saa nzima, akawaagiza warudie kwa sauti kubwa: "Mimi ni bingwa! Mimi ni wa thamani!" Watoto walifurahi sana, nami nilifurahi pamoja nao. Siku ya tatu nilirudisha karatasi za jaribio la hesabu katika darasa la sita, na mvulana aliyepata 3 juu ya 20 akabaki amesimama mbele ya meza yangu, kidole chake kikiwa juu ya alama ile nyekundu, akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, kama mimi ni bingwa, mbona hii?" Nilikosa la kumjibu, na swali lake lilinisumbua kwa miezi kadhaa.

Baadaye, katika mafunzo ya walimu, nilikutana na maelezo ya mwanasaikolojia Albert Bandura, ambaye mwaka 1977 aliandika kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hutokana na mambo manne: kufaulu kwake mwenyewe katika kazi fulani, kumwona mwenzake akifaulu, maneno ya kumtia moyo, na hali ya mwili na moyo aliyo nayo wakati huo, na lenye nguvu kuliko yote ni lile la kwanza. Mgeni wetu alikuwa ametuletea la tatu peke yake, tena kwa watoto waliosimama juani, wengine wakiwa hawajatia kitu kinywani tangu jana yake.

Tulibadili utaratibu. Kila Jumatatu, wimbo wa taifa ukiisha, wadogo huketi chini, wakubwa husimama nusu duara, na kwa dakika zisizozidi 15 mtoto mmoja huwaonyesha wenzake jambo moja analoliweza, nasi walimu hunyamaza. Mwishoni mwa mwaka 2022, familia nyingi zilipokimbia vita Rutshuru na kulala katika kambi ya Kanyaruchinya, karibu na Goma, tulimpokea msichana mmoja aliyewekwa darasa la tano ingawa umri wake ulikuwa umepita. Wenzake walimcheka kwa sababu nguo zake zilinuka moshi. Nilipogundua kwamba alikuwa akimsaidia mama yake kuuza makaa, nilimwomba aonyeshe jinsi anavyorudisha chenji. Akasimama, akatazama chini, akaanza: "Fungu ni franka 700. Umechukua mawili, ni 1,400. Umenipa 2,000. Mimi sitoi; mimi ninapanda. 1,400, ninaweka 100, imekuwa 1,500. Ninaweka 500, imekuwa 2,000. Kwa hiyo ninakurudishia 600." Mwanzoni kulikuwa na vicheko. Kisha mvulana mmoja wa darasa la nne akampa bei nyingine, na mwingine nyingine, naye akajibu zote kabla yangu. Juma lile nilisikia watoto wakihesabu kwa kupanda hata walipokuwa wakicheza. Alianza kuinua mkono darasani, na hakuna aliyemwambia kwamba yeye ni bingwa.

Jinsi ya kusifu nayo ina uzito. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha, kwa watoto wa Marekani, kwamba aliyesifiwa kuwa ana akili hupenda kuchagua kazi nyepesi ili asipoteze sifa hiyo, ilhali aliyesifiwa kwa juhudi huchagua ile itakayomfundisha kitu. Kwa hiyo mimi husema "umerudia mara nne mpaka ikatoka", kwa Kiswahili, kwa maana Kifaransa cha hotuba hawakifuati hadi mwisho.

Kuhusu tabia njema nilifanya kosa ambalo ningependa mlikwepe. Tulianza kuwapa daftari watoto waliorudisha vitu vilivyopotea, na baada ya majuma matatu tukawa na rundo la kalamu "zilizookotwa" ambazo, kwa uchunguzi mdogo tu, zilikuwa za waokotaji wenyewe. Tulikuwa tunawafundisha uongo mbele ya bendera. Sasa zawadi hakuna. Kuna kazi za kweli zinazozunguka, kama vile kutunza ufunguo wa tangi la maji au kumsindikiza mtoto mgonjwa nyumbani, na anayeshika kazi hutoa taarifa yake mwenyewe, hata kama maji yalimwagika.

Lakini kuna jambo linaloniuma kuliko hayo yote. Katika shule moja niliyofundisha zamani, kabla ya elimu ya msingi kutangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, majina ya wasiolipa minervali, yaani karo ya shule, yalisomwa katika mistari hiyo hiyo ya asubuhi, na watoto wakatolewa mmoja mmoja huku wenzao wakitazama. Nilimwona mtoto wa miaka 7 akificha uso kwa mfuko wake wa vitabu hadi alipovuka lango. Michango ya namna nyingine bado ipo, na orodha bado husomwa mahali pengi.

Kwa hiyo, Mama, ikiwa komite imekwisha kumwalika mgeni wake, mwombeni afike siku moja kabla, aketi darasani, awasikilize watoto, na kesho yake awape watatu au wanne kati yao nafasi ya kusimama pamoja naye. Na orodha ya wanaodaiwa ibaki ofisini, siku hiyo na siku nyingine zote.