Kichwa cha kigong'ota hutoka kama moshi

SWALI: Kila asubuhi kigong'ota hugonga tawi kavu la mwembe wetu hapa Entebbe. Nikimpiga picha, mwili unaonekana vizuri ila kichwa ni ukungu mtupu. Nakosea wapi?

JIBU: Kasi ya shata, kile kipazia cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga, ni ndogo, ndugu msomaji. Mdomo ule hupiga mara kadhaa kwa sekunde. Kasi ya 1/250 ya sekunde haiwezi kuugandisha. Anza na 1/2000, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande hata 1600. Chembechembe zitakazotokea pichani si hoja. Au mvizie anapotulia kati ya mapigo, hapo 1/500 yatosha. Anga jeupe nyuma yake likimfanya mweusi tii, ongeza mwanga wa picha kwenye kamera hatua moja. Akijificha nyuma ya tawi, usimfuate: tulia, atachungulia. Na tawi hilo, tafadhali, msilikate.