Kukata tawi la mwembe lililo juu ya paa

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuegemeza ngazi kwenye mwembe wako na kulikata kwa msumeno wa injini tawi linaloelemea paa, karibu na waya wa umeme. Nakusihi usifanye hivyo. Mti mbichi hupitisha umeme, kwa hiyo tawi likigusa waya linaweza kukuua hata kama wewe hujaugusa. Waite TANESCO wazime laini kabla mtu yeyote hajapanda. Ngazi nayo haifai, kwani tawi likikatika huweza kuipiga na kukuangusha, na msumeno wa injini unahitaji mikono miwili.

Fundi mzoefu hujifunga mkanda na kamba kwenye shina imara, kisha huanza kukata upande wa chini, sentimita 30 hivi kutoka shinani, hadi kufikia theluthi ya unene, ndipo akate kutoka juu, mbele kidogo ya mkato ule, ili tawi lisichane gome la shina. Kisiki kinachobaki hukatwa mwisho, nje kidogo ya uvimbe ulio pale tawi linapoanzia, maana hapo ndipo jeraha la mti hufunga vizuri. Kwa kuwa chini kuna paa, kila kipande kifungwe kamba na kushushwa taratibu. Utomvu wa mwembe huunguza ngozi, hivyo avae glavu na miwani.