Cheti cha majaribio kinakataliwa: je, nizime ukaguzi?

SWALI: Shikamoo kaka. Naandika programu ya Python inayosoma uzito wa magunia ya dagaa kwenye mizani hapa Mwaloni na kuupeleka kwenye seva ya majaribio iliyopo stoo. Cheti cha usalama (faili linaloithibitisha seva) nimekitengeneza na kukisaini mwenyewe kwa programu ya openssl, nikakiingiza kwenye orodha ya vyeti ya Ubuntu. Amri ya curl, ya kuwasiliana na seva, inakipokea vizuri, ila programu yangu, inayotumia requests (maktaba ya Python ya kazi hiyo hiyo) niliyoisakinisha kwa pip, inagoma: CERTIFICATE_VERIFY_FAILED. Jamaa yangu anasema niandike verify=False, yaani nizime ukaguzi wa cheti, yaishe. Nimsikilize?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usimsikilize kwa hili, nakusihi. Ukiandika verify=False data itaendelea kusimbwa (kufichwa kwa msimbo), lakini programu haitajua inaongea na nani. Yeyote aliyeunganishwa kwenye Wi-Fi hiyo ya stoo anaweza kujifanya seva yako na kubadilisha kilo njiani, na kilo hizo ni pesa za akina mama waliokesha wakianika dagaa. Tena mstari huo ukishaingia hautoki. Siku mfumo unaanza kazi rasmi, bado umo.

Shida yako ni ndogo. curl ya Ubuntu inasoma orodha ya vyeti ya mfumo mzima. Hiyo requests ya pip haiisomi. Inatumia orodha yake yenyewe, inayokuja na kifurushi cha certifi. Cheti chako ni sawa na barua ya utambulisho isiyo na mhuri wa mtendaji wa mtaa: inapokelewa pale tu unapofahamika. Kwa hiyo kitambulishe cheti chako kwa programu moja kwa moja, kwa kuitajia faili lake:

requests.post(anwani, json=data, verify="/opt/mizani/mizani.pem")

Usitumie REQUESTS_CA_BUNDLE hapa, ile mpangilio wa mazingira unaoielekeza requests kwenye faili jingine la vyeti. Inachukua nafasi ya orodha yote, na programu ikihitaji tovuti nyingine itakwama.

Sasa lililonishtua zaidi: cheti ulichoingiza kwenye Ubuntu kiondoe. Amri ya openssl req -x509, ukiiacha na mipangilio yake ya kawaida, inatoa cheti chenye uwezo wa kusaini vyeti vingine. Atakayeupata ufunguo wako wa siri (faili linalotumika kusaini, linalotengenezwa pamoja na cheti) anaweza kutengeneza cheti cha tovuti ya benki, na programu zinazofuata orodha ya mfumo kwenye kompyuta hiyo zitakiamini. Futa faili kwenye /usr/local/share/ca-certificates, kisha endesha sudo update-ca-certificates --fresh. Na faili la ufunguo lisitoke kwenye seva. Programu inahitaji cheti tu.

Ikiwa unaiita seva kwa namba, mfano 192.168.1.20, namba hiyo lazima iwemo ndani ya cheti. Kitengeneze upya ukiongeza hiki kwenye amri ya openssl:

-addext "subjectAltName=IP:192.168.1.20"

Mwisho, iwekee seva cheti kingine kwa makusudi, kisha tuma uzito wa gunia moja. Programu ikikataa, ukaguzi unafanya kazi; rudisha cheti chako uendelee.