Msimsahihishe Mchapaji: kwa wanaoanza kunakili vitabu vya kale vya sataranji

Wiki hii mgeni mwingine kwenye timu yetu ya kunakili ametangaza, kwa furaha kabisa, kwamba kitabu alichochapa Caxton, mchapaji Mwingereza, mwaka 1474 ndicho cha kwanza kumfundisha Mwingereza kucheza sataranji. Mwaka jana alisema hivyo mwingine. Kabla yao nilisema mimi. Basi wadogo zangu, vuteni viti.

1. Caxton. Kile ni kitabu cha mawaidha. Padri mmoja wa Italia, Jacobus de Cessolis, alitumia ubao kuhubiri jinsi kila mtu anavyopaswa kuishi: askari wanane ni mkulima, mhunzi, mfanyabiashara, tabibu, mwenye nyumba ya wageni na wenzao. Namna kete zinavyotembea imesukumwa hadi sehemu ya nne, na malkia wake ni yule wa zamani asiye na mbio. Ukitaka kujifunza mchezo humo utatoka na maadili mema na utafungwa na mtoto.

2. S ndefu, ile s ya vitabu vya kale inayofanana na f, si f. Kijiti cha f hukata shina pande zote mbili, cha s huishia kushoto. Hili sitalirudia.

3. Kitabu cha mafunzo hasa ni cha Rowbothum, 1562, kilichotoka Kifaransa, nacho kikatoka kwa Damiano, Mreno aliyechapisha Roma mwaka 1512. Mkikifika mtakutana na ulinzi unaoitwa wa Damiano: Mweusi anamlinda askari wake wa mfalme (yule anayesimama mbele ya mfalme) kwa kumsogeza askari wa askofu wa mfalme, yaani aliye mbele ya askofu wa upande wa mfalme, nyumba moja, yaani mraba mmoja. Msimtukane mzee wa watu. Yeye ndiye aliyeonya kwamba hatua hiyo ni mbovu, jina likamganda. Ni kama bwana afya aliyepita mtaani akikataza maji machafu, watu wakaishia kumwita Kipindupindu.

4. Mweupe haanzi siku zote. Hapa naomba mnisikilize, maana pananiuma.

Nilipewa kunakili kitabu cha Beale cha 1656, chenye michezo ya Greco, mchezaji Mtaliano wa Calabria. Humo hakuna alama zetu za herufi na namba, kama e4. Kila hatua inasimuliwa kwa maneno, na kila mraba ni nyumba. (Mimi niliyekulia kwenye bao, ambako nyumba ni lile shimo kuu moja la kila mchezaji, nilichukua siku mbili kuzoea ubao wenye nyumba sitini na nne.) Nikafika kwenye chekimeti ya mjinga, yaani kufungwa kwa haraka kuliko kote. Mweusi: askari wa askofu wa mfalme, nyumba moja. Mweupe: askari wa mfalme, nyumba moja. Mweusi: askari wa farasi wa mfalme, nyumba mbili. Mweupe: malkia anamaliza kazi kwenye nyumba ya nne ya ngome ya mfalme, upande wa mpinzani.

Mweusi anaanza? Nikacheka peke yangu. Mchapaji amelewa! Nikabadilisha rangi, nikajaribu ubaoni, mfalme akafungwa vilevile. Bila shaka akafungwa. Ukigeuza rangi zote, ubao haujali. Lakini mimi niliona nimethibitisha. Nikaandika tanbihi ndefu kuhusu uzembe wa wachapaji wa London, kisha nikaisoma mbele ya wenzangu kwa sauti ya mtu aliyegundua dhahabu.

Mzee mmoja aliyekaa nyuma akauliza, kwa upole ulionichoma zaidi: "Mwanangu, kanuni ya Mweupe kuanza ni ya lini?" Ni ya karne ya 19, tena mwishoni. Beale alikuwa kaburini zamani.

Hayo ni nusu. Nikarudi nyumbani kurudisha rangi nilizogeuza kwenye faili. Nikabonyeza badilisha zote: kila Mweupe awe Mweusi. Halafu kila Mweusi awe Mweupe. Mmeona? Faili zima likawa Mweupe anacheza na Mweupe, kurasa kwa kurasa, na nakala ya akiba sikuwa nayo. Nilianza upya kwa mkono, tangu ukurasa wa kwanza, nikiwa na chai na aibu.

5. Wekeni nakala ya akiba.

6. Katika kitabu cha Saul cha 1614, ukimkwamisha mwenzako asiwe na hatua ya kucheza ilhali mfalme wake hayuko kwenye cheki (hashambuliwi), aliyeshindwa ni wewe. Uingereza iling'ang'ania hivyo hadi zama za Sarratt, mwalimu wa sataranji wa London, mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo mchezaji wa kale akionekana kuogopa ushindi, ulizeni kwanza anacheza kwa sheria ipi.

7. Nilikuwa na la saba kuhusu Philidor, bingwa Mfaransa wa zamani, lakini nimekatizwa. Yule mgeni wetu wa Caxton ameniandikia sasa hivi. Amehamia kwa Beale na anasema ameona kosa la wazi la mchapaji, ameshaanza kulirekebisha. Nimemwambia atoe mikono kwenye kibodi, nampigia.