Maswali ya Wasomaji: Kifaa cha tangi kimekwama, waranti inazungushwa

Swali: Nina tangi la maji ya bahari la lita 300 hapa Nyali. Kifaa cha kufuatilia maji, nilichoagiza Ulaya, kinaonyesha pH (kipimo cha uasidi wa maji) 7.0 usiku na mchana. Nimewaandikia watengenezaji tangu miezi miwili iliyopita, na kila anayenijibu ni mtu mwingine mwenye maswali yale yale. Waranti inakaribia kwisha. Nifanyeje? *Msomaji, Mombasa*

Jibu: Tunza barua pepe yako ya kwanza. Kwa kawaida kinachohesabiwa ni siku uliyoripoti ubovu, si siku watakayokubali kuwa upo. Kwa hiyo waranti ikiisha wakati bado mnaandikiana, haki yako haijafa, ila uwe na ushahidi wa tarehe.

Uzungushwaji wa namna hii mara nyingi unatokana na swali moja ambalo halijajibiwa: kimeharibika kifaa, au kijiti cha kupimia? Kijiti cha pH kina ncha ya kioo inayochoka hata kikitunzwa vizuri, na umri wake ni mwaka mmoja hadi miwili. Ndiyo maana watengenezaji wengi hukipa waranti fupi kuliko kifaa chenyewe. Kama barua yako haisemi kilichokufa ni kipi, kila mhudumu mpya ataanza upya. Jibu swali hilo wewe mwenyewe.

Chomoa kijiti kwenye kifaa. Chukua kibanio cha karatasi, kinyooshe, kisha gusanisha tundu la katikati la kiunganishi cha BNC (kile cha duara ambako waya wa kijiti huchomekwa) na ukingo wake wa nje. Hapo umekipa kifaa milivolti sifuri, ambayo ndiyo pH 7, na kinapaswa kutulia karibu na 7.0. Sasa ondoa kibanio na uache tundu wazi. Kwa vifaa vingi namba itaanza kutangatanga. Ikitangatanga, kifaa ni kizima na tatizo liko kwenye kijiti au waya wake. Ikibaki 7.0 bila kutikisika hata tundu likiwa wazi, shuku kifaa, na uthibitishe kwa kijiti cha kuazima.

Kabla hujakilaumu kijiti, kausha kiunganishi. Kioo cha pH kina ukinzani wa megaohmi kumi hadi mamia, hivyo unyevu kidogo tu au chumvi iliyoganda kwenye BNC inatosha kuvujisha ishara yote na kuiacha namba kwenye 7. Kwa matangi ya bahari hili ni la kawaida mno. Safisha kwa spiriti ya isopropili, acha saa kadhaa, jaribu tena.

Mwisho, tumbukiza kijiti kwenye vimiminika vya kupimia vya pH 7 na pH 10, ukisuuza katikati. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, kila pH moja ni milivolti 59, kwa hiyo tofauti kati ya vimiminika hivyo iwe karibu 177. Ikishuka chini ya 150, kijiti kimechoka. Kisipobadilika kabisa, huenda kioo kina ufa, hata kama hauuoni kwa macho. Kijiti kikiwa kizima, usikihifadhi kwenye maji yaliyotoneshwa, maana yanakiua taratibu. Tumia myeyusho wa potasiamu kloridi wa molari 3, yaani gramu 22.4 zilizoyeyushwa kwa maji hadi ujazo wote ufike mililita 100.

Sasa andika barua moja, si tano. Kwenye kichwa weka namba ya shauri lao na namba ya mfululizo iliyobandikwa kwenye kifaa. Ndani weka risiti, toleo la programu ya kifaa, matokeo ya majaribio hayo kwa namba, na video moja isiyokatwa inayoonyesha namba ya mfululizo kisha jaribio la kibanio. Halafu omba mambo matatu kwa uwazi: namba ya idhini ya kurejesha, nani analipa usafiri wa kwenda na kurudi, na tarehe ya kutuma kifaa kipya. Uliza pia kama wanaweza kutuma kipya kwanza, wewe urudishe kibovu baadaye. Baadhi yao hukubali wakishikilia kiasi fulani kwenye kadi yako. Jibu daima ndani ya mfululizo uleule wa barua, kwani ukifungua shauri jipya unarudi mwisho wa foleni.

Usitume kifaa bila namba ya idhini. Vifurushi visivyo na namba hiyo hukaa ghalani bila mwenyewe. Kama kina betri ya lithiamu-ioni ndani, mwambie msafirishaji mapema, kwa sababu kifurushi hicho kinaandikwa UN 3481 (namba ya kimataifa ya mizigo ya namna hiyo) na kisipoandikwa hivyo kinaweza kuzuiwa uwanja wa ndege. Na watengenezaji wasiandike thamani sifuri kwenye ankara ya kifaa kipya. Forodha hukadiria thamani yao wenyewe, na mzigo unakaa ukisubiri maelezo. Waandike thamani halisi, waongeze kwamba ni mbadala wa waranti, na waambatishe nakala ya risiti ya awali.

Kama ulilipa kwa kadi, angalia kalenda. Pingamizi la malipo kupitia benki kwa kawaida lina dirisha la siku 120, na mazungumzo marefu na huduma kwa wateja hayalisimamishi. Linafaa kwa bidhaa mpya inayozungushwa, si kwa iliyodumu mwaka.

Swali: Mimi nilinunua Kariakoo. Mwenye duka anasema niwaandikie watengenezaji China. Ni sawa? *Msomaji, Dar es Salaam*

Jibu: Si sawa. Fedha yako aliipokea yeye, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inamtaka muuzaji atoe bidhaa inayofaa kwa kazi iliyonunuliwa. Mpe madai kwa maandishi, pamoja na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), na tarehe ya mwisho ya kujibu. Akikataa, malalamiko ya walaji Tanzania Bara yanapelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Kwa wasomaji wa Kenya ni Mamlaka ya Ushindani, CAK. Aliyenunua dukani ndani ya Umoja wa Ulaya ana dhamana ya kisheria ya angalau miaka miwili dhidi ya muuzaji, hata kama karatasi ya mtengenezaji inasema mwaka mmoja.

Swali: Wakati nasubiri, samaki niwalindeje? *Msomaji, Arusha*

Jibu: Chomoa kila kitu kinachoongozwa na kijiti kibovu. Hatari kubwa ni vali ya kaboni dioksidi kwenye tangi la mimea. Umeipanga ifunge pH ikishuka hadi 6.6, kijiti kimekwama 7.0, basi gesi haifungwi na samaki wanakosa pumzi usiku. Tumia kipima muda cha kawaida, na gesi kidogo kuliko ulivyozoea.

Hita nayo isitegemee kifaa peke yake. Weka kidhibiti chake cha ndani nyuzi moja au mbili juu ya joto unalotaka, ili kikwame chochote, maji yasichemke. Bandika kipimajoto cha kioo, ukisome asubuhi na jioni. Nunua vipimo vya matone vya pH na amonia, na uvisome pamoja: katika nyuzi 25, amonia yenye sumu ni chini ya asilimia 1 ya amonia yote pH ikiwa 7, lakini hupita asilimia 5 ikifika 8. Kwa hiyo kipimo kilekile cha amonia ambacho jana hakikuwa na madhara kinaweza kuua leo pH ikipanda. Ukiona amonia yoyote kwenye pH ya 8, badilisha robo ya maji siku hiyohiyo, na upunguze chakula hadi ipotee.